Waliotoa santuri kwa hela yao

Kisa cha leo ni cha muziki wa roki, ila kinaanzia Ziba. Ndiyo, Ziba hii hii ya wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, ambako ng'ombe ni wengi, vumbi lipo la kutosha, na ukimwambia mtu wa Dar kwamba ndiko unakotoka anakuuliza kama ni mbele au nyuma ya Singida.

Pale nyumbani, baba yangu mkubwa, mstaafu wa TAZARA aliyeishi Mbeya miaka mingi, alikuwa na kaseti moja ambayo juu yake iliandikwa kwa kalamu neno moja tu: ZAMBIA. Haikuwa na jina la bendi wala jina la wimbo. Aliipiga siku akiwa na furaha, na sisi watoto tulikuwa tunacheka hadi tunagaragara chini, maana gitaa lilikwaruza kama bati linaloburuzwa barabarani na mwimbaji alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza. Siku moja nikamwambia, baba mkubwa, hawa wazungu wako wana hasira. Akanitazama kwa kunihurumia. "Wazungu wako wapi hapo? Hao ni watu wa Kitwe."

Kaseti ile baadaye ililiwa na redio, kama zilivyoishia kaseti nyingi. Sitajua kamwe ilikuwa ya nani. Lakini miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, rafiki mmoja aliniwekea santuri moja kwenye kompyuta yake na nikashtuka. Ni bati lile lile! Bendi iliitwa WITCH, na albamu iliitwa Introduction. Nilipoanza kuifuatilia nikagundua jambo lililonikamata kuliko hata gitaa lenyewe: vijana hawa waliitoa albamu hiyo wenyewe, bila kampuni yoyote ya muziki nyuma yao. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 (wapo wanaoandika 1972, wapo wanaoandika 1973), na inatajwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya Kizambia kuuzwa nchini Zambia.

Hebu tulia kidogo ulifikirie hilo. Leo mtu anarekodi chumbani Sinza, jioni wimbo uko hewani na dunia nzima inausikia. Wakati ule kutoa albamu kulimaanisha kutafuta studio, kulipia saa za studio, kupata kanda, kuisafirisha kanda hiyo hadi kwenye kiwanda kinachochapa santuri za plastiki, kulipia kiwanda, kutengeneza jalada, kuzirudisha santuri nyumbani, kisha kuzibeba na kuziuza. Kila hatua inataka fedha mkononi kabla hujaona hata senti. Ndiyo maana duniani kote kazi hiyo ilikuwa ya makampuni. Kampuni inatoa mtaji, na kwa kuwa imetoa mtaji, kanda inakuwa yake, na mara nyingi nyimbo nazo zinakuwa zake. Mwanamuziki anapewa chochote kidogo, anapigwa picha, anaambiwa asante.

Walikuwa watano: Emmanuel Chanda aliyeimba, Chris Mbewe kwenye gitaa la solo, John Muma gitaa la rhythm, Gedeon Mulenga kwenye besi na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Chanda alijulikana zaidi kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones, likapitishwa kwenye ulimi wa Kiafrika hadi likawa lake. WITCH nayo haihusiani na uchawi, au tuseme inahusiana kwa utani, maana walieleza kuwa ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Walikuwa wakisikiliza Deep Purple, Grand Funk Railroad, Jimi Hendrix na James Brown, na ukiisikiliza Introduction unawasikia wote hao. Sauti ya santuri yenyewe si safi. Ngoma kuna mahali zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili. Mimi kasoro hiyo naipenda. Unasikia watu ambao walikuwa na muda mfupi wa studio na hawakuwa na hela ya kurudia.

Kwa nini iwezekane Zambia na si kwetu? Jibu la haraka ni shaba.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na migodi iliyokuwa inaleta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za mauzo ya nje. Miji ya Kitwe, Ndola, Mufulira na Chingola ilikuwa na wafanyakazi wenye mishahara, umeme, kumbi za starehe zilizojengwa kwa ajili ya wachimbaji, na vijana waliosoma wenye mfuko wa kununua tiketi Jumamosi. Bendi ya roki inataka vitu hivyo vyote. Gitaa la umeme bila umeme ni ubao tu. Mwaka 1970 serikali ikachukua asilimia 51 ya hisa za migodi, na bei ya shaba ilikuwa bado nzuri. WITCH walirekodi katika kipindi hicho kifupi ambacho kila kitu kilionekana kinawezekana.

Hapa niruhusu nichepuke, maana sisi watu wa Unyamwezi tuna ugonjwa wa kutaka kuwepo kwenye kila kisa. Njia ya kuelekea kwenye shaba ile tulishaikanyaga zamani. Katikati ya karne ya 19, wakati Tabora ikiwa makutano makubwa ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, kulikuwa na tawi jingine la biashara lililoshuka kusini-magharibi hadi Katanga, kufuata pembe na shaba. Mtoto wa mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kalasa alikwenda huko na hakurudi. Alibaki, akajenga mji wake Bunkeya, akatawala, akajulikana kwa jina la Msiri, na watu wake wakaitwa Wayeke. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa kupigwa risasi na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya hapo mpaka ukachorwa katikati ya ukanda wa shaba, upande mmoja ukawa Kongo, upande mwingine ukaja kuwa Zambia. Kwa hiyo gitaa lililokuwa linakwaruza sebuleni Ziba lilinunuliwa kwa madini ambayo babu zetu waliyabeba mabegani. Haya, tuendelee.

Shaba peke yake haitoshi kueleza. Kulikuwa na siasa pia, na hapa ndipo ninapoona tofauti yetu na wenzetu.

Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, alitaka redio ya taifa ipige muziki wa Kizambia kwa wingi. Kiwango kinachotajwa siku zote ni asilimia 95. Vijana wakaisoma amri hiyo kwa namna yao. Serikali imetaka muziki wa Wazambia? Sisi ni Wazambia, huu ni muziki wetu, piga. Ghafla redio ilihitaji nyimbo za nyumbani, na bendi zenye magitaa ya kukwaruza zikapata mlango. Muziki huo ukaja kuitwa Zamrock. Nyuma ya WITCH walikuwepo Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga waliokaa sana Nairobi.

Kwetu mambo yalikwenda kwa mwelekeo mwingine. Tarehe 10 Desemba 1962, alipohutubia Bunge mara baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alizungumzia utamaduni kwa uchungu. Alilalamika kwamba wasomi walifundishwa nyimbo za Wazungu shuleni, akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Tena akazitaja dansi za kigeni ambazo vijana walizijua kuliko ngoma za kwao, na rock 'n' roll ilikuwemo kwenye orodha. Mwalimu alikuwa anajua anachokisema. Alisoma Tabora, akafundisha St. Mary's palepale Tabora, na shuleni kwake hakuna aliyempa ngoma ya Kinyamwezi kama somo. Siwezi kumlaumu. Lakini kauli ya mkubwa ikishuka kwa wadogo inageuka rungu. Operesheni Vijana ilikuja na kupambana na sketi fupi na suruali za kubana, na Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Ukitaka kuunda bendi ya roki nzito katika mazingira hayo, ungeanza kwa kujieleza.

Kumbe siku hizo hizo Tabora ilikuwa imejaa muziki. Mji mmoja wa bara, na bendi tatu zenye majina: Kiko Kids, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuja kung'ara ikiwa na Salum Zahoro; Nyanyembe Jazz; na Tabora Jazz, ambayo Shem Karenga aliifanya ijulikane nchi nzima kwa Dada Asha. Hawakuwa roki, walikuwa dansi. Lakini walikuwa na magitaa ya umeme, walikuwa na ushindani mkali, na sidhani kama Kitwe iliwazidi kwa kipaji. Kilichokosekana ni hicho kitu kimoja: hawakuweza kutoa santuri yao wenyewe.

Angalia jinsi mashine ilivyokuwa inafanya kazi. Kwanza vyombo. Tanzania ya wakati ule, bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa nayo, JKT ilikuwa nayo. Nyingine zilikuwa za klabu au za mwenye vyombo. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, akiondoka anaacha gitaa. Ilikuwa na faida yake: mshahara wa mwisho wa mwezi ni kitu ambacho wanamuziki wengi wa leo wanakiota. Lakini mwajiriwa hawezi kuamka asubuhi akasema natoa albamu.

Pili studio. Iliyokuwepo ya maana ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilisafiri, ikasubiri zamu, mashairi yakapitiwa, ikarekodi, nyimbo zikapigwa hewani, na kanda ikabaki kabatini kwa redio. Tatu kiwanda. Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kilichofanya kazi. Aliyetaka santuri aliangalia Nairobi, ambako makampuni ya kigeni na wafanyabiashara wa pale walikuwa na mitambo, na walikuwa na mikataba tayari inayosubiri sahihi. Kilichotoka kilikuwa santuri ndogo ya nyimbo mbili, moja kila upande. Fedha zilibaki huko. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983, na hata mlango huo mbovu ukawa umezibwa.

Cha ajabu ni kwamba Wazambia nao walikuwa wanaelekea Nairobi hiyo hiyo. Santuri nyingi za miaka ile ya mwanzo ya Zamrock zilichapwa Kenya. Mashine ni ile ile, mji ni ule ule. Tofauti ilikuwa nani anaingia kiwandani na anaingia kama nani. Wa kwetu wengi waliingia kama watu wa kurekodiwa. WITCH, kwa albamu zao mbili za kwanza, Introduction na In the Past ya 1974, waliingia kama wateja.

Sitaki kuwapamba. Nakala zilikuwa chache, za kuhesabika kwa mamia. Hawakutajirika. Na walipopata nafasi ya kukabidhi kazi ya uchapaji na usambazaji kwa mtu mwingine, waliikabidhi: Lazy Bones!! ya 1975 ilitoka kupitia Zambia Music Parlour ya Edward Khuzwayo. Nawaelewa kabisa. Kujitegemea kunachosha. Ukishabeba maboksi ya santuri mwenyewe mara mbili, mtu akija kusema nitakubebea, utamwachia.

Mwaka huo huo wa 1975 mambo yakaanza kuharibika. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikajengwa kwa ajili ya shaba wakati shaba yenyewe inapoteza thamani. Baba mkubwa anasema mabehewa yalibeba shaba kushuka na bidhaa kupanda, na kaseti zilipita mikononi mwa wafanyakazi bila kulipiwa ushuru wowote. Hivyo ndivyo Zambia ilivyofika Mbeya, na kutoka Mbeya ikafika Ziba. Zambia kwenyewe vita vya ukombozi vya Rhodesia vilileta mashambulizi na amri za kutotembea usiku. Bendi zinazoishi kwa madansi ya usiku zikakosa usiku. Disko ikaja, mtu mmoja na santuri zake akachukua kazi ya watu watano. Jagari aliiacha bendi mwishoni mwa muongo ule na kwenda kwenye ualimu wa muziki. Wenzake waliendelea kwa sauti ya disko, wakatoa Kuomboka mwaka 1984, kisha kimya.

Kimya hicho kilikuwa kizito. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipita katika kizazi kile cha wanamuziki wa Zambia kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Kati ya wale watano wa Introduction akabaki Jagari peke yake. Kwa miaka alikuwa anachimba vito ili aishi. Msanii aliyetoa santuri ndefu ya kwanza nchini kwake akawa shimoni na sururu, na wapita njia hawamjui.

Sasa ndipo nakala zile chache zilipofanya kazi yake. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walianza kuziokota, bei ikapanda hadi mamia ya dola na zaidi kwa nakala moja, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikakusanya albamu za WITCH na kuzitoa upya. Jagari akatafutwa, akapatikana, akahojiwa, akapanda jukwaani tena barani Ulaya na vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Filamu kuhusu bendi ikatoka 2019. Mwaka 2023 ikatoka Zango, albamu mpya chini ya jina la WITCH, iliyorekodiwa Lusaka, Jagari akiwa na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi za disko.

Najua utaniambia: walioivumbua tena ni wazungu, na wanaouza ni wazungu. Kweli. Linaniuma na mimi. Lakini kuna kitu cha kuvumbua kwa sababu kilikuwepo kitu cha kushika: santuri ndefu, yenye jalada, yenye majina ya waliopiga, ambayo mtu anaweza kuisoma na kusema haya, tumtafute huyu Chanda. Jaribu kufanya hivyo kwa bendi za Tabora. Nyimbo zao zipo, kwa bahati nzuri. Zipo kwenye santuri ndogo ambazo zimekwaruzwa, zipo kwenye kanda za redio ya taifa ambazo watu wamekuwa wakizililia kwa miaka zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza, na zipo kwenye vichwa vya wazee. Mtandaoni zinapandishwa na yeyote aliyenazo. Wimbo mmoja unaweza kuukuta mara tatu, kwa majina mawili ya bendi, bila jina hata moja la mpiga gitaa. Na sisi waandishi wa habari hatujasaidia. Tunawakumbuka siku ya msiba, tunaandika "nguli" kwenye kichwa cha habari, tunakosea jina la bendi, tunakwenda kunywa chai.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, nikamwekea baba mkubwa Introduction kwenye simu, yote, kuanzia wimbo wa kwanza. Alisikiliza ameegemeza kichwa ukutani. Hakusema kama ndiyo kaseti ile au siyo. Ilipoisha akaniuliza kama kidude hicho kina Nyanyembe Jazz. Nikatafuta, nikapata nyimbo mbili. Wa pili ulipoanza alinyanyua mkono niongeze sauti, akataja jina la aliyekuwa anapiga solo, na la mtaa aliokuwa anakaa pale Tabora mjini.

Nilimwomba arudie, nikachukua kalamu.